Kamera ya Barazani kwa Jasbir

Barazani kwa Jasbir,
Kitale.
Ijumaa, 16 Mei 2025.

Kwa rika yangu Wanjala,
Bumula.

Mulembe, rika yangu. Mulembe wa pili ni wa mama Sally, na wa tatu ni wa watu wote wa boma lako, na uwape kweli, usiumeze peke yako kama unavyofanya na firigisi ya kuku kila mgeni akigeuza kichwa.

Mimi ni mzima wa kiasi cha mtu wa miaka sabini na minne. Meno yaliyobaki yanatosha kutabasamu ila si kutafuna mahindi ya kuchoma. Macho bado yanaona chuma cha saa kidogo kama chawa, lakini mtu akipita ng'ambo ya barabara namsalimia kwa kubahatisha, na juzi nilimwita mke wa pasta dada yangu, akafurahi kuliko inavyoruhusiwa. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Naulizia la kushoto kwa sababu ndilo hupatwa na ugonjwa kila jembe likitolewa nje. Na mama Sally je? Nilisikia presha ilimpanda mkampeleka hospitali ya Lugulu, wakamlaza siku tatu. Nilitaka kuja kumwona. Nilifika mpaka stendi, nikakaa pale saa nzima, nikarudi. Sababu ya kurudi iko ndani ya barua hii, huko chini, na nakuomba usirukie huko kwanza kama unavyosoma tangazo la kifo ukitafuta chakula kitaliwa siku gani.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia kwa kalamu, sisi watu ambao tumezoea kutukanana kwa simu kila Jumapili baada ya misa. Simu yangu unajua sinayo tangu Februari. Ningeazima ya mtu, lakini haya maneno siwezi kuyapitisha kwenye simu ya mtu. Bahasha nimeifunga kwa ugali kama zamani, na nimempa fundi wa cherehani anayekuja Bumula kwa harusi. Ukikuta imefunguliwa, mpige fundi.

Kazi iko vile vile. Bado niko na meza yangu na kioo changu cha jicho moja hapa barazani kwa Jasbir Kaur, yule mama Singasinga mjane mwenye duka la picha, fotokopi na kompyuta. Mumewe ndiye aliyeniweka hapa mwaka wa themanini na tisa, akasema duka lenye fundi wa saa mlangoni haliibiwi. Siku hizi wanaoleta saa ni watu wawili kwa wiki, na mmoja wao ni yule mwalimu mstaafu ambaye saa yake haina ugonjwa, ugonjwa ni upweke. Lakini nakaa. Mtu akikaa mahali miaka thelathini na sita anakuwa kama nguzo, hata mbwa wanamheshimu kwa njia yao.

Sasa nianze. Mengine unayajua, lakini wacha niyapange yote mezani kama ninavyopanga vyuma vya saa, kwa sababu nikiruka kimoja haitatembea.

Unajua binti yako Sally alikuwa karani kwenye ghala moja la mbolea hapa Kitale. Jina la ghala siliandiki. Mwaka jana mwezi wa kumi alikuja hapa kwenye meza yangu saa ya chakula, akanunua karanga tukala. Akaniambia kuna kitu kinamnyima usingizi. Ati kwenye rejista ya wakulima waliochukua mbolea ya bei nafuu kuna watu wamechukua mifuko arobaini, hamsini, na watu hao wako kaburini. Nikamwambia mkulima hodari hakati tamaa. Hakucheka. Akanitajia Ngige, yule jirani yangu wa Kiminini tuliyemzika wewe na mimi, ukalalamika nyama ilikuwa ngumu. Ngige, bana! Miaka minne chini ya udongo, na amepiga sahihi mara tatu. Mimi niliye hai, miaka saba naomba hiyo mbolea, kila mwaka wananiambia jina langu halionekani kwa mtambo.

Sally alitaka wakulima waone kwa macho yao. Alikuwa amepiga picha kurasa za rejista, akaja kuzisafisha na kuzipanga kwenye kompyuta ya Jasbir. Lakini hakutaka kuzituma kwa laini yake. Akaniomba nisajili laini mpya kwa kitambulisho changu, nimpe. Akanieleza kabisa hatari yake, sitaki ufikiri binti yako alinidanganya. Mimi nikasema mtoto wa Wanjala ni mtoto wangu, tena nikajigamba, nikamwambia hakuna askari atakayenihangaisha mimi, nitawaambia simu ilimezwa na bata. Tukaenda tukasajili. Picha zikaingia kwenye kile kikundi chetu cha wasap cha wakulima, watu mia mbili na zaidi, kile ambacho mwenyekiti wake ni Kipkirui, mwenye shamba la mahindi kule juu Endebess. Siku hiyo Kitale ilichemka. Watu walikuwa wakitafuta majina ya baba zao waliokufa na kuyapata. Hakuna aliyejua aliyezituma isipokuwa Sally na mimi, na Jasbir aliyeziona kwenye kompyuta yake.

Jioni yake akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu yangu. Akaniambia, asante papa, bila laini yako ningebaki na haya mambo tumboni. Akatuma mwingine kesho yake, na mwingine. Kila mara mwishoni alisema, papa, ukishasikia futa. Sikufuta, Wanjala. Wewe una watoto saba, hujui. Mimi hakuna mtu mwingine duniani anayeniita papa. Nilikuwa nikingoja mchana barazani kukiwa kimya, naweka simu sikioni, nasikiliza tena.

Februari wakaja vijana wawili wa serikali, nguo za kawaida, viatu vya kazi. Waliingia kwa Jasbir kwa sababu kwenye picha moja, ya nakala ambayo Sally aliipiga upya pale dukani, ilionekana pembe ya kaunta yake ya kioo kijani. Mimi niko mlangoni na masikio yangu bado ni ya kijana. Walimtaka afungue kompyuta waone nani alileta picha. Jasbir akawauliza karatasi ya hakimu iko wapi. Wakasema wao ni serikali. Akasema hata yeye analipa leseni kwa serikali na hupewa karatasi, basi nao walete karatasi. Yule mrefu akamwambia mama, usitufundishe kazi. Akajibu kwamba sheria ya kulinda habari za watu imebandikwa pale ukutani kwake, alilazimishwa na serikali hiyo hiyo kujisajili na kuibandika, kwa hiyo wakitaka asiifuate waibandue wenyewe. Kesho yake wakarudi bila karatasi. Akawakaribisha chai, akawaambia chai haihitaji hakimu. Nilicheka mpaka nikaangusha kigurudumu cha saa ya mtu.

Walipotoka, watu wengi sokoni waliwaona wakitoka. Hilo tu ndilo lililoonekana, vijana wa serikali wakitoka dukani kwa Jasbir.

Siku tano baadaye wakaja kwako Bumula. Sihitaji kukueleza, lakini naandika kwa sababu nataka nipitie humo pia. Ilikuwa Jumanne, siku ya kunyoana baada ya mazishi ya mama yako. Watu wa nyumba wamekaa chini, wembe uko kazini, nusu ya kichwa chako imenyolewa na nusu bado. Wakamwinua Sally kutoka kwenye mkeka mbele ya wazee, akiwa na sabuni kichwani. Niliambiwa ulisimama na ile nusu kichwa ukawauliza kama serikali haina mama. Niliambiwa pia kwamba tangu siku ile unauliza swali moja kwa kila mtu anayekuja kwako. Nani aliwaambia atakuwa nyumbani siku hiyo? Kazini alikuwa ameomba ruhusa bila kusema anakwenda wapi. Siku ya kunyoana haitangazwi redioni, bana. Ni ya watu wa ndani.

Hapa Kitale watu hawakuuliza sana. Walikuwa na jibu tayari. Kipkirui aliitisha mkutano wa wakulima, akasema ni nani mwingine, si ni yule Mhindi mwenye kompyuta? Wengine wakasema Singasinga si Mhindi, akasema leo ni Mhindi. Wakapatana mtu yeyote asinunue hata kalamu kwake. Kesho yake tulikuta samadi ya ng'ombe kwenye kizingiti, na ukutani mtu ameandika MSALITI kwa rangi ya kuwekea mbuzi alama. Wanawake aliowapigia picha za harusi bila kuwadai haraka wakawa wanapita wakitema mate. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye meza yangu. Mtu akipita akiniuliza, Wamukota, bado unakaa kwa huyo nyoka, nilikuwa najibu kwamba nyoka hana saa, mwacheni. Watu walicheka. Nilikuwa na majibu mengi ya kuchekesha, kila siku jipya.

Na kila siku saa nne Jasbir alitoka na kikombe cha chai, sukari vijiko vitatu kama alivyonizoeza mumewe, akakiweka mezani kwangu, akarudi ndani. Nikafikiri mama huyu ni mjinga. Kunywa nilikunywa.

Sally walimweka ndani siku kumi na sita, akatoka kwa hati ya shamba lako. Mashtaka unayajua, kusambaza habari za uongo kwa mtandao na kuchukua rekodi za ghala bila ruhusa. Ngige hajaitwa kutoa ushahidi.

Wiki jana akaja hapa wakili wenu, Chelimo, yule binti wa Kapsokwony mwenye sauti ndogo na maswali makubwa. Wewe ndiye uliyempa jina langu ukimwambia niko kama baba wa pili kwa Sally. Alikaa kwenye kigogo cha wateja akanieleza mambo pole pole. Alisema Katiba, kifungu cha thelathini na moja, inasema mambo ya mtu ya siri na mawasiliano yake hayachokolewi ovyo, na simu ni kama nyumba, hata zaidi ya nyumba, kwa sababu nyumbani hujaandika ulichomwambia nani mwaka juzi. Askari akitaka kuingia humo aende kwa hakimu aeleze kwa nini. Katika kesi hii hawakwenda kwa hakimu hata mara moja. Nikamwambia basi kesi imekwisha. Akasema haijaisha, kwa sababu hakimu hahitajiki kama mwenye simu ameifungua mwenyewe kwa hiari. Akatoa karatasi kwenye faili. Ilikuwa fomu ya kukubali simu ipekuliwe. Chini kulikuwa na sahihi yangu, ile W yangu ndefu kama mkia wa panya.

Akaniuliza kama nilielewa nilichosaini. Wanjala, unanijua. Mimi nikishikwa mahali nakimbilia upumbavu. Nikajikuna kichwa, nikamwambia mimi ni mtu wa darasa la nne, kiingereza changu kinaishia kwa good morning sir, vijana waliniambia saini nikasaini. Nikaongeza na kicheko. Hakuandika. Alisema hilo halitafika mbali, maana juu ya sahihi pameandikwa kwamba nilielezwa kwa lugha ninayoielewa, na askari wawili wataapa hivyo. Halafu akanitazama akasema kuna jambo moja tu linaweza kuiangusha hiyo karatasi. Hiari ya mtu aliyetishwa si hiari. Kama nilitishwa, na kama kuna mtu alisikia, hakimu anaweza kuzitupa nje zile sauti za Sally, na bila zile sauti serikali haina kamba ya kumfungia binti yako kwenye picha hizo. Akaniuliza, mzee, ulitishwa? Nikasema mimi? Mimi Wamukota nitishwe na watoto wa juzi? Nikasema hapana.

Ndiyo, nilisema hapana. Chelimo akafunga faili akaenda ndani kuongea na Jasbir.

Baada ya kitambo Jasbir aliniita ndani. Tangu mwaka wa themanini na tisa hajawahi kuniita ndani mbele ya mgeni. Akasema, Mzee Wamukota, kamera yangu ya barazani unaijua. Nikasema naijua, si ndiyo hiyo juu ya mlango, buibui amejenga. Akasema buibui yuko nje ya kioo, na kamera ina masikio pia. Akasema siku ile vijana walipotoka kwake mara ya pili, walikaa na mimi barazani, na yote yamo. Aliyaona jioni ile ile. Akayaweka mahali pa peke yake yasifutike.

Nikamuuliza kwa nini hakuyaonyesha. Watu wamemmwagia samadi, wamemwandika ukutani, na kitu cha kumsafisha kimo ndani ya droo yake miezi mitatu! Alijibu kama mtu anayesoma bei. Akasema hiyo ni sura yangu na sauti yangu, si yake. Aliwakatalia askari kwa sababu hawakuwa na karatasi ya hakimu wala ruhusa ya mwenyewe. Akiitoa sasa kwa sababu inamfaa yeye, basi wale watu waliomtukana hawakukosea sana. Chelimo amemwomba, naye amemjibu vile vile, alete amri ya hakimu au mwenyewe akubali. Chelimo anasema kuomba amri kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na kesi ni Alhamisi hii inayokuja. Jasbir akaniuliza kama nataka kuangalia kwanza, kabla ya kusema ndiyo au hapana. Akageuza kiti, akampeleka Chelimo nje, akaniacha peke yangu na kile kioo cha kompyuta.

Sasa Wanjala, kaa chini kama umesimama. Ukitaka kuniapiza, ngoja ufike mwisho wa aya, uniapize mara moja kwa yote.

Nilijiona. Ni mzee mdogo mwenye kofia iliyopauka. Vijana wamemkalia huku na huku. Yule mfupi ananiita kuka, yaani babu kwa lugha yetu, mjukuu kabisa. Ananiambia laini iliyotuma picha ina jina langu, kitambulisho changu, baba yangu, mpaka kata. Walilipataje, Chelimo bado anauliza. Ananiambia kuna njia mbili, ama mimi ndiye nilituma, na hapo nitalala korokoroni leo, sakafu ni ya saruji na mimi ni mzee, wazee hufa humo kwa baridi na hakuna anayeulizwa. Ama nifungue simu na kusaini na nirudi kwa saa zangu. Hawakuinua mkono. Hawakupaza sauti. Na yule mzee kwenye kioo anaificha mikono chini ya meza, Wanjala. Kisha anaifungua simu mwenyewe. Anawatafutia mwenyewe zile sauti, kwa sababu hawakujua ziko wapi. Wanasikiliza asante papa mara tatu. Wanamuuliza mwenye sauti ni nani na yuko wapi. Na maneno yangu ni haya, nimeyasikiliza mpaka nikayashika: “Ni Sally wa Wanjala. Bumula. Jumanne wananyoa nywele za matanga ya nyanya yake, hawezi kukosa. Mchukueni huyo. Mimi niacheni.”

Halafu nasaini, wanachukua na simu. Halafu, na hili ndilo linaloniua, nawatania. Namwambia yule mfupi viatu vyake vinataka saa, maana vinachelewa nyuma. Wanacheka, na mimi nacheka nao. Sura yangu kwenye kioo inacheka kweli.

Kwa hiyo swali lako la miezi mitatu, jibu lake ni mimi. Si Jasbir. Si kompyuta. Ningeweza kusema hapana, na sheria ilikuwa upande wangu, imebandikwa ukutani hatua nne nyuma ya kiti changu. Mama mjane aliifuata bila kupepesa jicho. Mimi nilikuwa nikimcheka kwamba anajifanya wakili.

Na unajua kwa nini sikukuambia. Haikuwa hasira yako, hasira yako naijua, inakwisha ukipewa pombe ya busaa. Ni ile Agosti ya sitini na sita. Tulisimama mimi na wewe bega kwa bega kwenye uwanja wa baba yako, tumepakwa matope kutoka mtoni, ngariba amepiga magoti, na kijiji kizima kinatazama kope zetu. Hatukupepesa. Tangu siku ile, kila nikiingia kwenye kundi la wazee naingia na hilo. Nimekuwa maskini, nimekuwa mlevi, mke alinikimbia nikatunga utani juu yake, lakini mwoga sijaitwa. Chelimo aliponiuliza kama nilitishwa, kulikuwa na njia ya kumwokoa binti yako kwa neno moja, na sikuweza kulitoa. Nilikuwa radhi kuitwa mpumbavu mahakamani, niape kwa Biblia kwamba mimi ni mpumbavu, kuliko kuitwa mwoga mbele yako. Pima hilo. Shamba lako liko dhamana, mtoto wako anatazama jela, na mimi nalinda kope zangu za mwaka wa sitini na sita.

Leo asubuhi nimesaini karatasi ya Jasbir. Aliniandikia kwa Kiswahili, akanisomea, akanifanya niisome mimi kwa sauti, akaniuliza kama kuna mtu amenilazimisha, akasema nikibadilisha nia kabla ya Alhamisi nije niichukue. Nusu saa nzima kwa sahihi moja. Vijana wale walichukua dakika mbili. Chelimo anayo rekodi sasa. Alhamisi tarehe ishirini na mbili, kwenye mahakama ya Bungoma, ataomba ichezwe, na mimi nitasimama baada yake niseme ni kweli, niliogopa. Kama hakimu atakubali, hajui; hakuniahidi kitu. Alisema mahakimu wengine husema mzee alizungumza kwa upole na askari walikuwa na adabu. Na kweli walikuwa na adabu, ukiwaangalia.

Kipkirui nimekwenda kumwambia jana. Akasema tuingoje mahakama tusiharakishe. Rangi ya ukutani haijafutwa, nimejaribu kwa parafini, zinatoka herufi za mwisho tu. Lakini hata ikitoka ni kazi bure, kwa sababu Yuvraj, mwana wa Jasbir, amekuja kutoka Nairobi kumchukua mama yake. Wanafunga mwisho wa mwezi. Nilimwomba Jasbir msamaha jana, nikiwa nimevua kofia. Akaniuliza meza yangu nitaipeleka wapi. Chai imeletwa saa nne kama kawaida.

Ndugu yangu, siku ya Alhamisi utakuwa kwenye benchi la mbele, najua. Wakati wa kucheza ile rekodi mtoe mama Sally nje, presha yake haitaipenda. Wewe baki. Usiniangalie mimi, angalia kioo. Mimi nitakuwa upande wa mashahidi na sitakuwa na utani wowote siku hiyo, nimeutafuta sijaupata. Nikimaliza nitapita mlango wa nyuma, nisikupe kazi ya kuamua kama utanipa mkono mbele ya watu.

Nisalimie mama Sally, umwambie namwombea ingawa anajua maombi yangu hayafiki mbali. Wasalimie wajukuu. Jirani yako mwenye redio ya kelele usimsalimie.

Sally naye usimpe salamu zangu. Nitamletea mwenyewe nikitoka kusema, na akizikataa, azikatae mbele yangu.

Mimi rika yako,
Wamukota